Kilo Tatu na Nusu za Kikapu

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa karani wa mizani katika ghala la vifurushi, na hakuna mteja aliyewahi kumpiga chenga hata kwa robo kilo. Wapo waliojaribu. Mmoja aliegemeza mzigo wake ukutani ili upimwe nusu. Karani alimwomba tu, kwa adabu, autenganishe mzigo na ukuta. Wapagazi walimwita Dada Mizani, naye aliitika.

Alikuwa na miaka thelathini na minane na kilo tisini na moja. Daktari wa kliniki alimpima presha mara mbili, kisha akamwambia kwamba kabla ya kutafuta mtoto ashuke mpaka themanini na tano. Arudi baada ya miezi miwili, waone kama ni wakati wa kuacha vidonge vya kuzuia mimba. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika, zote presha ikiwa juu. Daktari hakuzitaja, alizigusa kwa kalamu kwenye faili.

Basi akajinyima. Akaacha sukari, akaacha mkate, akawa anashuka kituo kimoja kabla ya chake na kumalizia kwa miguu. Mumewe, fundi wa kupaka rangi nyumba, alisema hawezi kula huku mkewe anakitazama kijiko, akaacha naye. Mama mkwe alipokuja kuwasalimu alimwangalia mwanawe shingo, akauliza kwa upole kama siku hizi nyumba hii ina jiko.

Kila asubuhi, kabla wapagazi hawajafika, alivua viatu na kupanda mizani ya ghala. Tisini na moja. Tisini na nusu. Tisini, wiki nzima, kama mgeni asiyejua kuaga. Kisha themanini na tisa. Wiki ya sita, Jumanne, akakuta themanini na tano na nusu. Alilifikiria jambo hilo kwa muda. Akakumbuka kwamba jana yake hakula jioni, akaridhika. Ilipofika siku ya kliniki alikuwa themanini na nne na nusu, na mumewe alishaambiwa.

Mizani ya kliniki ilisema themanini na nane.

"Mizani yenu ina tatizo," alimwambia muuguzi.

"Kila mtu hapa anasema hivyo, dada."

Akaeleza kwamba mizani ndiyo kazi yake. Muuguzi akamruhusu apande tena. Themanini na nane. Daktari alisema presha imeanza kushuka, kazi nzuri, azitoe hizo tatu zilizobaki, warudi kuonana baada ya miezi miwili. Alimkumbusha daktari kwamba wakati huo atakuwa na miaka thelathini na tisa. Daktari akasema anajua.

Alirudi ghalani mchana huohuo, akaweka kikapu kitupu cha chuma juu ya mizani. Kioo cha namba, ambacho hulala kusipokuwa na mzigo, kikaamka na kuonyesha sifuri. Vikapu vya chuma vya kupimia vifurushi vililetwa Jumatatu ya wiki ile ya sita, na yeye mwenyewe, kwa kidole chake, ndiye aliyeiamuru mizani ikate kilo tatu na nusu za kikapu katika kila mzigo. Kesho yake, Jumanne ile, na kila asubuhi tangu hapo, alipanda bila kikapu.

Jioni alimweleza mumewe yote, kwa mpangilio, kama anayetoa ripoti ya mzigo uliopotea. Mumewe alisikiliza huku akikwangua rangi kwenye kucha.

"Mimi nimetoa saba," alisema hatimaye. "Kamwambie daktari basi nianze mimi."

Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alipomaliza kucheka hakuinuka upesi, na mumewe akaja kukaa karibu yake.

Hakuyafuta yale makato. Vifurushi vya watu vingepimwa vibaya. Aliendelea kujipima kila asubuhi, ila sasa kwa hesabu sahihi. Siku moja mpagazi mmoja aliwahi kazini, akamkuta miguu mitupu juu ya mizani, amekikumbatia kikapu kifuani kwa mikono miwili.

"Dada Mizani, umebeba nini humo?"

"Bado hakuna kitu," alisema, macho kwenye kioo. Themanini na saba na robo.

Mpagazi akasogeza mkokoteni wake pembeni, akangoja ashuke.