Siku Tuliyomlilia Baba Akiwa Kazini

Katika ukoo wetu mimi ndiye msimuliaji, na hadithi yangu kubwa ni ile ya baba kufufuka. Kaka zangu wana kazi za maana, mmoja mwalimu na mwingine dereva wa lori, lakini Krismasi ikifika na kuku akishaliwa, ni mimi ninayeombwa nisimame. Nimeisimulia katika harusi mbili na hata matangani, na huko matangani pia watu walicheka.

Hadithi yenyewe ni hii. Tulikuwa tukiishi Makongeni, katika nyumba za reli, kwa sababu baba alikuwa fundi katika karakana ya reli. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Nairobi imetukaba koo, na mama akasema anasikia joto. Alivua kitambaa cha kichwa. Alifungua mlango na dirisha, haikutosha. Basi akabeba viti vya sebuleni kimoja kimoja, pamoja na vitambaa vyake vya kufuma, akavipanga uani na kuketi katikati yao kichwa wazi, jasho likimtiririka shingoni.

Sasa, mtaani kwetu viti vya sebuleni havikuwa vikitoka nje bure. Vikitoka ni msiba, waombolezaji wapate pa kukaa. Jirani wa kwanza kuviona hakuuliza kitu. Alishika kichwa akapiga yowe, na wa pili akamwitikia. Haikupita saa moja, akina mama wa kanisa walikuwa wamefika na sukari na majani ya chai, mtu ameleta makaa, wimbo umeanza, na uani kote imeshakubalika kwamba baba amepondwa na garimoshi. Nani aliyesema hivyo, hakuna ajuaye. Msiba ukishapata viti, marehemu hutafutwa baadaye. Mama, wanasema, alijaribu kueleza, wakamwambia anyamaze, ni uchungu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilifika kutoka shuleni nikalia kuliko wote, maana mimi ndiye kitindamimba na nilijua wajibu wangu.

Saa kumi na moja baba akaingia uani akisukuma baiskeli. Mzee wa kanisa aliruka ua. Akina mama wawili walizimia, mmoja kwa kweli. Baba akatazama viti vyake, akatazama umati, akavua kofia kwa heshima na kuuliza nani amekufa. Hapo huwa natulia ili watu wacheke wamalize, kisha nafunga: baba alikunywa chai ya matanga yake mwenyewe na kusema sukari imekolea.

Mama naye hucheka kila mara, mkono ukiwa mdomoni.

Kilichofuata hakimo katika hadithi kwa sababu hakichekeshi. Wiki ile ile shangazi zangu walikuja, wakasema mama amerukwa na akili, wakampeleka nyumbani, huko magharibi, akaombewe. Alikaa miezi minane. Nilijifunza kusonga ugali. Aliporudi alikuwa mpole, na kila mtu alimshukuru Mungu kwa upole huo. Mimi pia nilimshukuru. Kwa karibu miaka arobaini nimeigiza jasho la mama mbele za watu, na sikuwahi kumuuliza hata siku moja lilikuwa jasho la nini.

Mwaka jana nilitimiza hamsini, jibu likanifuata lenyewe. Nauza mapazia ya mitumba katika soko la Gikomba. Asubuhi moja ya baridi, wenzangu wamejifunika leso na makoti, nilijikuta najipepea na kipande cha katoni huku blauzi imenigandama mgongoni. Mteja mmoja aliomba kuona pazia la kumi na moja, nikamwambia akaishi bila dirisha. Wenzangu wa vibanda vya jirani walifanya kikao juu yangu wakapitisha kwamba ni presha. Gikomba, chochote kinachompata mwanamke aliyepita arobaini na tano ni presha, na dawa yake ni kitunguu saumu. Nilikitafuna hadi wateja wakawa wanabishania bei wakiwa mbali.

Kliniki, nesi mmoja wa rika la binti yangu aliniambia ni kukoma hedhi. Alishusha sauti hadi nikageuka kuona nani amelala. Lakini alijua kazi yake. Alisema hili jambo halikai mwilini tu, linagusa na moyo na akili. Mtu hulia, husahau, hushikwa na hasira au huzuni nzito, na ikizidi nirudi nimwone daktari, si aibu. Nilimwambia nitarudi. Sikurudi.

Joto lilikuwa jambo dogo. Nilikuwa nalia bafuni nikiwa nimefungulia maji ili binti yangu asisikie, na kwa vile mtaani kwangu, Tassia, maji huja mara mbili kwa wiki, ilinibidi nilie kwa ratiba. Nilikuwa nikianika nguo kwenye roshani ya ghorofa ya nne natazama chini muda mrefu kuliko nguo zilivyohitaji, na mawazo yaliyonijia pale sikuyapenda. Niliogopa. Niliogopa kwamba naingia wazimu, na zaidi ya hapo niliogopa mtu ajue, nisije nikapakiwa kwenye basi nikaombewe.

Kisha siku moja nikamsikia binti yangu chumbani akirekodi ujumbe wa sauti wa kuwatumia binamu zake. "Leo amelia juu ya mfuniko wa sufuria," alikuwa akisema. "Manze, mfuniko." Alitulia mahali panapofaa, akaongeza vile nilivyoubeba ule mfuniko kifuani. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Alisimulia vizuri kabisa. Nilisimama mlangoni nikaelewa kwamba Krismasi ijayo mimi ndiye nitakayechekwa.

Mwezi wa saba mwaka huu mama alikuja kukaa kwangu ili atibiwe macho. Ana miaka themanini na mitano, na ngazi za ghorofa nne alizipanda akipumzika kila ghorofa bila kumlaumu mtu. Jumapili moja alasiri kaka zangu walikuja kumwamkia, pamoja na wake zao na watoto. Chakula kilipoisha, mpwa wangu alisema, akimtazama bibi yake, "Auntie, tupe ile ya shosh na viti." Nikasimama.

Katika kuigiza nilikuwa nimefika kiti cha tatu, nimekiinua hivi mikononi, joto liliponipanda kutoka kifuani hadi kwenye nywele. Jasho likatoka. Walipiga makofi, wakidhani naigiza. Kaka yangu dereva alisema sijawahi kumwigiza mama vizuri hivyo. Nilishusha mikono. Maneno yaliyokuwa yakifuata nayajua kama sala ya Baba Yetu, ila hayakutoka. Nilimgeukia mama.

"Mama, siku ile ulikuwa unasikiaje?"

Mkono wake ulikuwa umeshafika mdomoni, tayari kwa kicheko. Aliushusha mapajani. Mtoto mmoja akaambiwa apunguze televisheni.

"Joto ningelivumilia," alisema. "Nilikuwa nalia kila mchana, wiki nyingi, ninyi mkiwa shule na baba yenu kazini. Nilitaka watu waje. Sasa ningewaitaje? Ningesema naumwa wapi? Nikaona nitoe viti."

Kaka yangu mwalimu, ambaye hawezi kuacha jambo bila kulisahihisha, alikohoa akasema kwamba angalau walikuja, tena wengi, uani hapakuwa na pa kukanyaga.

"Walikuja," mama akasema. "Wakakuta hakuna aliyekufa, wakarudi kwao."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Harusi mbili. Krismasi zote hizo. Mwanamke alitoa viti vyake nje ili atazamwe, na mimi nikamtazamisha kwa miaka arobaini bila yeye kuonekana. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini nilipofungua mdomo kilichotoka ni habari zangu: bafu, ratiba ya maji, roshani na yale mawazo, hadi nesi niliyemwambia nitarudi. Niliyasema bila mpangilio na bila kutulia popote. Binti yangu aliinamisha kichwa. Kaka zangu walitazama saa zao, kama wanaume wa kwetu wanavyofanya wanapopenda mtu na hawajui la kusema. Nikawaambia kwamba nyumbani kwangu hakuna aliyekufa, ila naomba wasirudi kwao kwanza.

Wifi yangu mkubwa alikuwa ameshachukua mkoba wake na kusimama. Aliuweka chini, akasogea akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na mama.