Picha ya Gari Jeusi

Kazi yake ni kung'arisha magari, na wenzake wa karakana walimbandika jina la Bi Kioo, kwa sababu haliachi gari mpaka aone meno yake mlangoni. Ana namna yake. Hupaka nta, husugua kwa fulana kuukuu, kisha huupulizia mlango pumzi ya mdomo, kama mtu anayepasha vidole moto, na kuufuta ukungu ule kabla haujayeyuka wenyewe. Wenzake humtania kwamba magari ya matajiri wote yananukia chai yake.

Siku ya maonyesho alipelekwa peke yake kwenye uwanja wa nyasi, akayahudumie magari yaliyopangwa safu mbili. Upande huu yalikaa ya mbio, mekundu na ya manjano, yamelala chini, pua zao karibu ziguse nyasi. Upande ule yalikaa ya zamani, taa zao za mviringo zikitazama mbele, yametulia kama wageni waliowahi kufika. Watu walimiminika. Baba waliwabeba watoto mabegani, vijana walibishana lipi lingeliacha lingine nyuma, na karibu kila mtu alikuwa na simu mkononi.

Tangu asubuhi aliambiwa neno moja: mama, sogea kidogo. Alikuwa akitokea kwenye picha zao. Alisogea, akaenda kusugua ubavu wa pili. Wakahamia ubavu wa pili. Akasogea tena.

Lakini siku hiyo yeye pia alitaka picha. Binti yake yuko ng'ambo, amezalia huko, na mtoto sasa anaongea vizuri bila kumjua bibi yake. Simu ya Bi Kioo ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya sabuni; yenyewe ikapona, kamera ya mbele ikafa. Wakipigiana, kule wanaona giza tu, giza linalouliza kama mmekula. Juzi binti alimweleza, akijitia kucheka, kwamba mtoto ameanza kumwita jirani yao bibi.

"Nitumie picha moja, mama. Nimwonyeshe kwamba bibi ni wewe."

Nyumbani, tangu mumewe afariki, hakuna wa kumshikia simu. Ndiyo maana asubuhi ile alivaa gauni la zambarau ndani ya ovaroli, kola ameipiga pasi mara mbili. Gari alikwisha kulichagua: lile jeusi, kongwe kuliko yote, lenye milango mipana na kiti cha nyuma kirefu kama kochi. Aliliona kama gari linalongoja familia nzima ijipange, wakubwa kwa wadogo. Alilisugua kuliko mengine yote, ingawa halikuwa chafu.

Msimamizi alikuwa amewakataza wafanyakazi kupiga picha na magari ya wenyewe. Basi alipokwenda kula, Bi Kioo akavua ovaroli haraka, akamwendea bwana mmoja mwenye kofia pana aliyekuwa akipiga picha kwa utulivu, akamwomba ampigie moja hapo kwenye lile jeusi. Bwana aliipokea simu, macho yake tayari yako kwenye gari.

"Sogea kidogo, mama. Njoo huku kwangu."

Akaenda. Akasimama kando yake, akidhani anapima mwanga kwanza. Akalitazama gari, tabasamu amekwisha kuliandaa, akingoja kuambiwa arudi pale mlangoni asimame. Bwana alipiga magoti kwenye nyasi na suruali yake nzuri, akabofya, akabofya tena, akamrudishia simu kwa mikono miwili.

"Nimekutolea safi kabisa. Hakuna mtu hata mmoja."

Akamwambia ahsante, baba. Angesema nini, na mtu amejichafua magoti kwa ajili yake? Alipoinua uso atafute mwingine wa kumwomba, matone yalianza kudondoka, na msimamizi akarudi mbio akiita maturubai. Akavaa ovaroli yake. Akaanza kulifunika lile jeusi.

Jioni, chumbani kwake, aliketi kitandani akaitazama ile picha. Gari lilikuwa zuri kweli. Akaituma hivyo hivyo, maana hakuwa na nyingine.

Jibu likaja: Gari zuri sana, mama. Wewe uko wapi?

Akaivuta picha kwa vidole viwili, ikawa kubwa, akaipitisha taratibu, taa, tairi, mlango. Pale mlangoni, alipopulizia asubuhi, alisimama mwanamke mdogo mwenye gauni la zambarau, amepindwa kidogo na mviringo wa bati, kola imekaa sawa, anatabasamu akingoja kuitwa.

Akaandika: Mwambie atazame mlangoni.

Kisha akaiweka simu mapajani, uso wake juu, akakaa.