Mama Kefa Anasubiri Kugombezwa Mpaka Mwisho

Haya nimeyapata kwa Jenifa Matonya mwenyewe, ambaye ofisini wanamwita Mama Kefa, Jumapili iliyopita baada ya ibada, uani kwake Nkuhungu, mjini Dodoma. Alikuwa anachambua mlenda, ile mboga ya utelezi. Jirani yake Rose, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, alikuwepo pia, na alimsaidia kusimulia pale alipokwama.

Saa kumi na moja alfajiri Jenifa yuko njiani, kitenge kichwani, upepo unamtupia vumbi usoni. Anafungua jiko dogo la ofisi moja ya upimaji wa viwanja, anabandika maji, anaponda tangawizi. Ikifika saa mbili chupa za chai ziko tayari, na wafanyakazi wanaingia mmoja mmoja.

Zamani walikuwa wanakaa. Daudi, dereva, alikuwa akinywa chai palepale jikoni na kusimulia vituko vya barabara ya Kondoa mpaka watu wanashika mbavu. Siku hizi kila mtu anamimina, anasema "asante Mama Kefa," anaondoka na kikombe chake.

"Si wabaya," anasema Jenifa. "Wanaona nina jambo juu yangu. Hata mimi ningekaa mbali."

Jambo lenyewe lilianza mwezi wa nne, walipokuja wageni wakubwa. Jenifa aliingia ukumbini na sinia la vikombe. Mgeni mmoja alikuwa amesimama, anaeleza picha zilizomulikwa ukutani. Jenifa akatua sinia, akaanza kusalimia. Alianza na mzee mwenye mvi, shikamoo kwa mkono, akaizunguka meza yote: habari za safari, habari za nyumbani, hakumruka mtu. Yule aliyesimama akanyamaza, akangoja, naye akasalimiwa.

"Sasa niingie kwa watu nisiwasalimie, mimi ni mbuzi?" anauliza.

Wageni walipoondoka, meneja alimwita mbele ya wenzake. Meneja huyo anaitwa Tumsifu, kijana ambaye Jenifa angeweza kumzaa. Kila asubuhi alikuwa akimwamkia: "Shikamoo mama." Siku hiyo alimsema kwa Kiingereza, taratibu, sauti ya chini, kama mtu anayesoma tangazo.

Jenifa aliishia darasa la nne. Alishika maneno mawili tu kwa sababu yalirudiwarudiwa: "disappointed" na "unacceptable." Aliinamisha kichwa, mikono nyuma, akasubiri amalize. Tumsifu akafunga kompyuta yake, akatoka.

"Mimi nikabaki nimesimama," anasema. "Nikajua ataniita."

Ili kuelewa alichokuwa akisubiri, lazima ujue alivyolelewa. Alikulia Mlali, wilaya ya Kongwa, kwa bibi yake, na mle nyumbani aliyekugombeza ndiye aliyekupakulia chakula siku hiyohiyo. Kelele zingeweza kufika kwa majirani, lakini jioni yeye mwenyewe alishika mwiko, akakata ugali, akakusogezea. Ukishakula, limekwisha, hakuna wa kulitaja tena. Usipopakuliwa, ujue bado unagombezwa.

"Basi mimi nagombezwa tangu mwezi wa nne," anasema. Mikono yake haisimami kwenye majani.

Hapo Jenifa akaanza kujifunza Kiingereza cha kulaumu. Jioni akirudi alimgongea Rose na neno alilolibeba masikioni, na Rose akampangia mengine ya namna hiyo, kutoka jepesi mpaka zito.

"Nilimwambia hivi," anaeleza Rose. "Bosi akisema ana 'concern', amekunja uso. Akiwa 'disappointed', amekunja uso na amesogeza kiti. 'Unacceptable', hapo amefunga mlango. 'Reprimand', amefunga na amewaambia watu kwamba amefunga."

"Na hawapigi kelele!" anadakia Jenifa. "Kadiri neno linavyokuwa baya, ndivyo sauti inavyoshuka. Mimi nikamuuliza huyu Rose, la kusema yameisha ni lipi?"

Rose anacheka, kisha anaacha kucheka. "Nililitafuta, dada. La kusamehe lipo, tunaliimba kanisani. Ofisini sijawahi kulisikia."

Wiki mbili zilipita. Tumsifu hakumwita. Shikamoo nayo ikakatika, ikabaki "morning" ya mlangoni. Jenifa akaona labda kijana hana cha kupakua. Akasonga ugali wa uwele, akapika mlenda na karanga, akaweka kwenye hotpoti pamoja na sahani mbili, akampelekea mezani kwake ili kijana ampakulie yeye.

"Mama, huu siyo utaratibu," Tumsifu akasema, akaisukuma hotpoti kwa vidole viwili. Kisha akaongeza Kiingereza, neno jipya: "inappropriate." Alidhani analainishwa kwa chakula.

Daudi alikuwa mlangoni. "Mama Kefa, rushwa ya mlenda? Hata ukikamatwa, ushahidi unateleza!"

Ofisi nzima ilicheka. Jenifa alienda kukila chakula chake nyuma, karibu na tangi la maji, peke yake. Tangu hapo hakuna aliyekaa tena jikoni.

Nyumbani nako ni kimya. Mumewe alifariki. Mwanawe Kefa yuko Geita machimboni, na simu yake huja kwa nadra. "Mchana sisemi na mtu, usiku sisemi na mtu," anasema. "Neno langu la kwanza naliambia birika."

Juzi Ijumaa alijipa moyo, akaingia kwa meneja bila chakula.

"Bosi, naomba unimalizie."

"Nikumalizie nini, mama?"

"Kunigombeza. Lile la wageni."

Tumsifu alikuna kichwa. "Aah, lile? Mbona nilishasahau siku ileile!" Akacheka, simu yake ikaita, akaipokea.

Jenifa ananitazama. "Amesahau! Mimi nalala nalo, naamka nalo, mwenzangu kasahau. Mtu akisahau kukupakulia, wewe umeshiba?"

Rose ameegemea ukuta, usingizi umemchukua.

Jenifa anamfunika miguu kwa khanga, anashusha sauti. Ana mpango wa kesho Jumatatu. Atammiminia Tumsifu chai kama kawaida, halafu atamkabidhi chupa mkononi, mbele ya Daudi na wote, na kumwambia: "Na mimi nimiminie." Kwa Kiswahili.

"Akikataa je?" namuuliza.

"Atakuwa amekataa kwa lugha ninayoisikia," anasema. "Lakini akimimina, nitakunywa hata kama imepoa."

Anajinyoosha mkekani kando ya Rose, aupumzishe mgongo kidogo tu. Anasema kitu kingine ambacho sikukisikia vizuri, na kabla sijamuuliza, naye amelala.