Tenisi ya Kufumba Macho

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Bwana mkubwa wa ofisi yetu pale Lindi, Mzungu mrefu kama mnazi uliosahau kuacha kurefuka, mwenzake wa tenisi alikuwa amekwenda likizo. Akatuuliza makarani, "Nani anajua kucheza?"

"Mimi, bwana. Tangu utotoni."

Raketi nilikuwa sijaigusa.

"Vizuri. Tutacheza Jumamosi ya nne kutoka leo. Karani mwongo namhamishia bara."

Bara maana yake simba. Na mkwe wangu wa Mchinga alikwisha kula yamini: nikihamishwa, binti yake haendi.

Mwalimu wangu wa masomo ya jioni akanipa dawa. "Mtazame anayejua, kisha fumba macho, upige kama yeye humo kichwani. Mwili utafuata."

Basi kila alasiri nilisimama nje ya uzio, nikimkabili bwana akijizoeza peke yake kuanzisha mpira. Kisha narudi nyumbani Rasbura, nakaa barazani, nafumba macho, napiga. Mipira elfu kumi kwa siku, na hapo nimepunguza.

Mke wangu ndiye aliyeona. "Mume wangu, mbona mkono wa kushoto unatikisika?"

"Unacheza tenisi."

"Na wa kulia?"

Nikautazama. Umelala pajani kama samaki wa jana.

Ndipo nikafahamu. Nilimtazama bwana uso kwa uso, kama mtu na kioo. Mkono wake wa kulia ulikuwa upande wangu wa kushoto, nami nikauiga hivyo hivyo. Zimebaki siku tatu. Nikajaribu kuusomesha wa kulia; kila nilipofumba macho, wa kushoto ulitangulia.

Alhamisi mkwe wangu akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Ikaletwa sinia ya wali. Nikasema bismillahi, na mkono ulioingia walini ukawa wa kushoto. Wallahi sikuutuma. Mkwe wangu akasita, tonge mkononi, akalirudisha.

"Huo mkono una nini?"

"Una tenisi, baba."

Hakucheka. Akanawa.

Jumamosi mkwe wangu alikuja akasimama uzioni na bakora yake. Bwana akapiga. Mimi mpira sikuuona, mkono uliuona. Ukamrudishia miguuni kwa kishindo kilichosikika mpaka kijiji cha Kilangala.

"Kumbe kweli unajua," bwana akasema. "Ila hukuniambia ni wa kushoto."

"Hukuniuliza, bwana."

Bara sikupelekwa. Nilipotoka, mkwe wangu akanisogelea. "Mke umebaki naye. Hilo limekwisha." Halafu akautazama mkono ule, ambao ulikuwa bado umeng'ang'ania raketi ya watu. "Lakini mimi na huo hatuli sinia moja."

Mpaka tulipomzika alitengewa sahani yake. Nami mpaka leo, kabla ya kumpa mtu mkono, naangalia kwanza ni upi umetangulia.