Sukre Yenye Tundu

Mimi ni fundi wa mabomba. Maisha yangu yote ya kazi, katika mashamba ya maua ya huku Kitengela na Isinya, nimelishwa na matundu. Bomba likitoboka waridi hazinywi, na meneja anapiga kelele mpaka mshipa wa shingo unamsimama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Naamini hivyo mpaka leo, na anayetaka kunicheka acheke.

Jirani yangu ni mama wa Kimaasai niliyefanya naye kazi shamba moja, yeye akiwa chumba cha kupangia maua. Hatupendani. Ploti ninayokaa niliuziwa na kaka yake, na yeye hakuulizwa. Siku niliyozungusha ua wa waya alisimama barabarani akanitazama mpaka nikafunga nguzo ya mwisho, kisha akaenda zake. Tangu hapo nikimsalimu "Takwenya", ambayo mwanamke wa kwao huitikia "Iko", yeye hunitupia "Mm", kama mtu anayemfukuza kuku.

Ugomvi wa ardhi ungetutosha, lakini likaja na la sarafu. Pale shambani tulikuwa na bwana kutoka Ekwado, nchi ya Amerika ya Kusini ambako nao hulima waridi milimani. Nchi yao iliachana na pesa yake, sukre, ikachukua dola ya Marekani, na huyu bwana alikuwa na soksi nzima ya sukre za zamani aliyozunguka nayo dunia. Alipomaliza mkataba aliimwaga soksi mezani akatugawia mimi na yule mama nusu kwa nusu. Alisema sisi ndio tuliomfundisha Kiswahili. Alichojifunza, kwa kweli, ni maneno tuliyokuwa tukirushiana sisi wawili.

"Mimi narudi," akasema. "Kwa mama yangu iko moja kubwa ya fedha, ya zamani sana. Nitaletea yule ametunza hizi vizuri."

Niliitaka hiyo sarafu. Sitazunguka: niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na zaidi nilitaka yule mama asiipate.

Nikawa mkusanyaji. Nilijifunza kwenye simu kwamba sarafu haishikwi usoni, inashikwa ukingoni, na kwamba haisuguliwi kwa majivu kama sufuria. Niliwatafuta watu wa Ekwado katika mashamba mengine, nikabadilishana nao asali ya Ukambani kwa sukre zilizosahaulika mifukoni. Zote nilizifunga moja moja kwa karatasi laini, nikazilaza katika mkebe wa maziwa ya unga wenye pamba chini. Nilijua ndege aliye juu ya ngao yao, mlima wenye theluji, meli ya moshi inayopita mtoni. Mke wangu aliniambia kwamba hata yeye sijawahi kumtazama hivyo.

Moja tu iliniudhi. Ilikuwa katika ile nusu yangu ya kwanza, ya fedha, imelika mpaka sura ya mwanajeshi wao imebaki pua na kola, na karibu na ukingo ilikuwa na tundu. Kila nikifungua mkebe jicho linakwenda hapo. Mwishowe nikawasha gesi, nikaliziba tundu kwa risasi ya kulehemu, nikapiga msasa mpaka kidole changu hakikuhisi kitu. Nililala vizuri.

Na yule mama je? Alizipeleka zake kwa fundi wa mageti akazitoboa kwa drili, zote, kisha akazishona kwenye ushanga wake wa shingo. Nilimwona akipita nje ya ua, zinalia shingoni, nikashindwa kunyamaza.

"Mama, umeharibu! Sarafu ikitobolewa haina maana!"

"Haina maana kwa nani?"

"Kwa watu wanajua."

"Hiyo yako imelala kwa mkebe kama maiti," akasema bila kusimama, "ndiyo inajulikana na nani?"

Nilicheka kwa sauti ili asikie. Moyoni nilikuwa nimeshapokea ile kubwa ya fedha.

Bwana wa Ekwado alirudi kweli, Jumapili moja mchana, ameongezeka tumbo. Alitaka tukutane wote kwangu. Mama akaja, sukre zake zinalia shingoni, mara ya kwanza kukanyaga ndani tangu nizungushe ua. Kiti alikataa. Alisimama kando ya lile jiwe kubwa lililo karibu na geti, ambalo nilishindwa kuling'oa, akakunja mikono.

Nikafungua mkebe. Nilizipanga sukre juu ya kitambaa cheupe, na mgeni akawa anatikisa kichwa kwa furaha, "Fundi, vizuri! Safi sana!" Nikamtupia mama jicho. Kisha mgeni akaichukua ile iliyolika, akaipitisha kidole ukingoni, akarudia. Aliigeuza, akarudia tena.

"Tundu iko wapi?"

"Niliziba," nikasema, kifua mbele. "Huwezi hata kuhisi."

Akaketi.

"Hii ilikuwa kwa shingo ya nyanya yangu," akasema. "Wamama wa kwetu wanavaa hivyo, na shanga nyekundu. Ile tundu ilitobolewa na babu, siku ya harusi."

Sasa mimi ningejuaje? Aliniambia lini? Nilianza kumweleza habari ya risasi na msasa, kwamba ni kazi nzuri, wachache wangeiweza. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu, na adabu ile iliniumiza kuliko tusi.

Mama akanyoosha mkono. "Lete."

Aliokota msumari uliobaki kwenye ua wangu, akaomba nyundo, tena kwa mke wangu, si kwangu. Aliilaza sarafu juu ya lile jiwe, akasimamisha msumari, akagonga kidogo, mara chache. Risasi yangu ikaanguka kwenye vumbi, ndogo kama punje ya ndengu. Aliipuliza sarafu akampa mgeni, na mgeni akachungulia kupitia tundu kama mtoto, macho yamejaa machozi. Kisha akatoa mfukoni ile kubwa ya fedha, nzito, nyeupe. Akamwekea mama kiganjani.

Ile ya nyanya yake alinirudishia. Alisema ni yangu, alishanipa. Ningependa angeichukua.

Mama aliondoka kabla ya chai. Getini akanigeukia.

"Hapa kulikuwa na njia ya ng'ombe ya baba, fundi. Ilipita hapo umesimama. Hata hiyo uliziba."

Asubuhi iliyofuata nilimwona nje ya ua, sarafu kubwa imeshatobolewa, inang'aa kifuani mwake. Nikamwambia "Takwenya." Safari hii hata "Mm" sikuipata.

Niliingia ndani nimekasirika, nikatoa punje ya risasi niliyoiokota kwenye vumbi, nikajaribu kuirudisha tunduni. Nilisukuma kwa kidole gumba mpaka kikauma. Haikuingia.