Florida na Kanisa la Wawelisi

Huku kwetu Louisville, katika jimbo la Kentucky, mwenzetu Florida akitaja jina lake watu humuuliza kama amezaliwa katika jimbo la Florida. Amezaliwa kambini karibu na Kasulu, Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa Burundi, na tangu afike Marekani hajawahi kukaa nyumba moja akatulia. Yeye na mumewe Gaudiosi walianzia hapa, upande wa kusini, wakifanya kazi kwenye ghala. Florida akasikia Buffalo kuna nyumba nzuri, wakahamia Buffalo. Theluji ya kwanza haijayeyuka, akataka warudi Louisville, wakarudi. Watoto walipozoea shule tena, akaanza kuutaja mji wa Columbus, Ohio.

"Mama Angelika," Gaudiosi alimwambia, "safari hii mimi na watoto tunabaki."

Alidhani maneno hayo yatamzuia. Florida alipakia gari akaenda peke yake, akisema ni kwa muda tu.

Columbus alipata kazi ya kumhudumia mwanamke mzee, Bi Olwen, ambaye hakuweza tena kutembea bila kushikwa mkono. Bi Olwen hakuwa na usumbufu. Aliyehangaika ni Florida: akimaliza kumwogesha anafuta madirisha, akimaliza madirisha anapanga upya kabati, kisha anasimama mlangoni akitazama barabara. Akipiga simu nyumbani, binti yake Angelika alimjibu kwa Kiingereza, kwa ufupi, akampa baba yake simu.

Jumapili moja ya Oktoba Bi Olwen aliomba apelekwe vijijini, kwenye kanisa alilobatizwa. Lilikuwa la mbao, jeupe, juu ya kilima, na makaburi yaliyolizunguka yalikuwa na maandishi ya Kiwelisi. Walilijenga mababu zake waliotoka Welisi, nchi ndogo iliyo kando ya Uingereza. Njiani alisimulia kwamba watu hao hawakukusudia kukaa pale. Walikuwa wakishuka na mto kwenda mbali zaidi, na waliposimama kupumzika, wanawake wakakataa kupanda tena mashua.

"Walichoka?" Florida aliuliza.

"Walizaa njiani, wakazika njiani," alijibu Bi Olwen. "Walitaka kaburi wanaloweza kurudi kuliangalia."

Ndani walikuta wazee wachache. Siku hiyo hawakuja kusali, walikuja kuamua jengo lifanywe nini. Kanisa halikuwa na mchungaji, paa lilivuja, na jirani alitaka kulibomoa apate malisho. Mmoja baada ya mwingine walisema liende. Florida alimtazama Bi Olwen, akitarajia apinge. Naye akakubali libomolewe, akisema amechoka kuzihangaikia mbao.

Florida hakuwa muumini wa pale, wala hakuna aliyemuuliza. Alisimama. Aliwaambia kwamba baba yake, Sylveri, alikuwa katekista kambini, na kwamba walijenga kanisa la matofali ya udongo, yeye akiwa mtoto akibeba maji ya kukandia. Kambi ilipofungwa waliamriwa walibomoe wenyewe. Sylveri alianza na altare, ili mkono wa mtu mwingine usiiguse.

"Tangu siku ile sijui nikae wapi," alisema. "Ninyi hakuna aliyewafukuza."

Kisha mzee aliyeongoza kikao akaomba wafikiri tena kabla ya baridi. Mwishowe walilikabidhi kwa chama cha historia cha wilaya. Sasa linafunguliwa kiangazi kwa wageni wanaopita, na siku nyingine limefungwa. Florida hakuridhika, maana ndani yake hakuna anayesali.

Siku ile ya kikao, wakirudi ndani ya gari, Bi Olwen alimwambia Florida amemwaibisha mbele ya watu wake. Kwa siku kadhaa alikula bila kumsemesha. Asubuhi moja, Florida akimchana nywele, Bi Olwen alisema hakulichukia kanisa. Aliogopa kufa akaliacha limesimama peke yake. Baada ya muda akauliza ni nani anayemsuka Angelika. Florida aliendelea kuchana.

Baridi ilipokwisha, Bi Olwen alihamia kwa mwanawe. Sote tulitegemea Florida atatafuta mji mwingine, lakini alirudi Louisville. Gaudiosi alimpokea bila lawama, ingawa kwa miezi mingi baadaye aligeuka kila aliposikia funguo za gari. Angelika alimpa kichwa chake amsuke baada ya kununa wiki nzima.

Sisi Warundi tunasali Shively, kitongoji cha hapa Louisville, alasiri, katika kanisa kuukuu la matofali lililojengwa na watu wengine ambao sasa wamebaki wachache. Florida ndiye aliyewashawishi wanaume wapande kuziba paa lake. Baadhi walinung'unika kwamba jengo si letu. Aliwashikia ngazi mpaka wakamaliza.

Bado kuna siku anauliza jimbo la Iowa ni mbali kiasi gani. Gaudiosi humjibu kwamba ni mbali sana, na Florida hutoka nje kuliosha gari.