Fisi Aliyechorwa Mwakirunge

Mwarandu hakutazami usoni. Mkikutana njiani, macho yake huenda kwenye magoti, kisha kiunoni, na wakati unamuuliza habari za nyumbani yeye anapima unavyokanyaga. Sisi wa Mwakirunge tumemzoea. Wageni humwona hana adabu, wala siwalaumu. Mimi mwenyewe alinifuata siku moja tangu dukani mpaka mlangoni pangu, nikadhani ana neno la kuniambia, kumbe alikuwa akinitazama visigino.

Kazi yake ni kuchora katuni. Alianza utotoni kwa mkaa, juu ya mawe ya kujengea yaliyokuwa yakikatwa timboni. Mawe yalipouzwa, michoro ilikwenda nayo, na leo kuna nyumba huku Kisauni zenye mbuzi na askari wa Mwarandu chini ya plasta, na wenyewe hawana habari. Alipokua, gazeti moja la Nairobi lilichapa hadithi zake za picha kwa miaka kadhaa, kisha likafungwa. Akarudi akachora kuta za saluni na za shule za chekechea, huku akijifunza kwa simu, baadaye kwa kompyuta, jinsi ya kuzifanya picha zitembee. Hapo ndipo mama mmoja wa Marekani, naye aliyeanza na vitabu vya katuni kabla ya kuhamia katuni za video, alipoziona kazi zake mtandaoni akampa kazi. Ilikuwa hadithi ya wanyama, na Mwarandu aliachiwa fisi, mwizi mzee anayeiba usiku na kujifanya mgonjwa mchana.

Fisi huyo alimtesa. Kila alipompeleka, yule mama alimrudisha. Anatembea kama mbwa, aliandika. Anatembea kama mtu aliyevaa ngozi. Mwarandu akakonda. Halafu siku moja mkono ukashika wenyewe: mguu wa kulia unazunguka nje kabla ya kukanyaga, bega la kushoto linaanguka, kisha anasimama kidogo, anajishika kiuno, anaendelea. Kule Marekani walishangilia. Mwarandu alijipongeza kwa kubuni jambo jipya kabisa, maskini.

Katuni ilipotoka, dada yake Kafedha aliitazama kwenye simu huku akikuna nazi. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaweka nazi chini.

"Mwarandu, huyu si baba mkubwa?"

Alikuwa baba mkubwa. Mzee Chengo, kaka wa marehemu baba yao, ndiye aliyeacha shamba lake akaja kukata mawe ili watoto wa ndugu yake wale. Jiwe lilimporomokea nyonga humo humo timboni, na tangu hapo alitembea hivyo. Mwarandu alikua akiutazama mwendo ule. Alipoutafuta mwendo mwingine, ndio uliotoka. Lakini nani angemwelewa? Kwetu kumwita mtu fisi si mzaha. Fisi ni mlafi, tena ni mnyama wa wachawi, na mzee mwenye mvi akishafananishwa na mnyama huyo, huitwa mchawi, na jamaa zake hawalali.

Na mambo hayo yalimkuta Mwarandu wiki ambayo Mzee Chengo alikuwa aende Timbwani, upande wa Likoni, kwa wazazi wa Ruth, mchumba wake, kumposea. Mtu hajiposei mwenyewe. Baba akiwa hayupo, husema baba mkubwa. Na baba mkubwa akikataa kusema, wakwe hujua kuna ubaya, na uchumba huishia hapo hapo. Mwarandu alimpenda Ruth kwa dhati. Basi usingizi ukamruka.

Kwanza alimwandikia mama wa Marekani, akimsihi wabadilishe mwendo. Jibu lilikuja la upole: mwendo ndio uliopendwa kuliko chochote, na kazi ilikwisha tangazwa. Akajifariji kwamba simu ya mzee ni ile ya vibonyezo tu. Kesho yake akasikia kwamba vijana wa timboni wanaitazama katuni wakati wa chai, na wawili kati yao wanauigiza mwendo.

"Nenda ukamwambie kabla hajaambiwa," Kafedha alimsukuma. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nitakwenda kesho."

"Kesho yako haina mwisho wewe."

Alikwenda, kweli. Alimkuta mzee ameketi kibarazani, akifunga kamba kwenye mpini wa jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekushuka? Mwanamke ameghairi?"

"Hapana, baba. Nimekuja kukujulia hali tu."

"Hali ni hii. Nimeshafua shati la kwendea Timbwani."

Mwarandu alitazama chini, akauona mguu wa kulia umenyooshwa kwenye mkeka, akaaga. Njiani alijitukana kwa Kigiriama na kwa Kiswahili. Mzee hakuwa amemtaja fisi, na hilo ndilo lililozidi kumtisha: hajui, au anajua na anangoja kumkomoa mbele ya wakwe? Nikiri kwamba hata sisi majirani tuligawanyika. Wengine walisema mzee hatakwenda. Wengine walisema atakwenda na kuyamwaga yote hadharani, na wakasikitika kwamba hawakualikwa.

Siku ikafika. Walivuka feri, mzee, Mwarandu, Kafedha na kreti za soda badala ya pombe ya mnazi, kwa kuwa kina Ruth ni watu wa kanisa. Watu walipoanza kushuka upande wa Likoni, Mwarandu aligeuka ampe mzee mkono kwenye mwinuko wa kutokea ferini. Mzee alikuwa ameshatangulia, naye alikuwa akitembea wima.

Mguu wa kulia ulikwenda mbele moja kwa moja, ukakanyaga, ukafuatwa na wa kushoto. Bega halikuanguka. Hakusimama, hakujishika kiuno. Shati lililofuliwa lilikuwa limelowa jasho mgongo mzima. Kafedha alimtazama kaka yake, na Mwarandu akajua kwamba mzee anajua. Akangoja pigo.

Pigo halikuja. Kwa kina Ruth mzee alisalimia, akatania, akamsifu kijana wake mpaka baba wa Ruth akacheka na mkewe akatoa vigelegele kabla ya wakati. Alikubaliwa kila alichoomba. Mwarandu alimeza soda asiyoisikia ladha. Ruth alimtupia tabasamu toka mlangoni, naye akalirudisha nusu.

Walipoaga, palikuwa na ngazi za saruji za kushuka barabarani. Mzee alisimama juu yake, akavuta pumzi, akashuka wima vile vile, midomo imekazwa. Chini kabisa aliyumba. Mwarandu alimshika kiwiko, machozi yakimlenga.

"Baba, nisamehe. Tembea unavyotembea."

Mzee akatazama nyuma, juu, ambako wenyeji walikuwa bado wanawapungia mikono.

"Polepole, wasisikie," alisema. "Hao nao wana simu. Wakiniona nakwenda kwa mwendo wangu, watajua fisi ni wa kwenu, wakunyime mke. Tufike pale penye kona kwanza."

Wakaenda hivyo hadi konani, mzee wima, Mwarandu akilia wazi wazi ubavuni mwake.